Kigugumizi cha watoto na vijana: kinachokwama ni nini, na kwa nini hawapaswi kubaki peke yao

Kila mwaka inapokaribia tarehe 22 Oktoba, ambayo tangu mwaka 1998 huadhimishwa kuwa Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Kigugumizi, maswali yale yale huibuka tena miongoni mwa wazazi na walimu, na majibu yanayotolewa hugongana. Mmoja husema mtoto aachwe, kitaisha chenyewe. Mwingine husema akemewe kila anapokwama, ataacha. Wapo wanaoshauri akatwe ule uzi wa chini ya ulimi, wapo wanaoshuku mkono wa mtu, na wapo wanaoamini kwamba alimwigiza mwenye kigugumizi na sasa kimemwingia. Mzazi aliyeyasikia yote haya katika wiki moja lazima achanganyikiwe, na kuchanganyikiwa kwake kuna gharama, kwa sababu miaka ambayo mtoto angesaidiwa kwa urahisi zaidi ndiyo inayopotea katika kujaribu hili na lile.

Makala haya yanakusudia kutenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huzungumzwa kana kwamba ni moja: kigugumizi chenyewe, na aibu inayokizunguka. La kwanza ni suala la namna ubongo unavyouendesha mdomo, na si kila mara linaweza kuondolewa. La pili hutengenezwa na watu, na ndilo ambalo familia, shule na vijana wenyewe wakikutana wanaweza kulipunguza hata pale ambapo hakuna mtaalamu.

Kigugumizi ni nini

Kigugumizi ni kukatika kwa mtiririko wa usemi bila hiari ya msemaji, ilhali msemaji anajua barabara neno analotaka kulitamka. Sehemu ya mwisho ya maelezo hayo ndiyo inayosahauliwa sana. Mtoto aliyekwama hatafuti neno, hajasahau jibu, wala hatungi uongo. Neno analo, na wakati mwingine alishalipanga kichwani muda mrefu kabla ya zamu yake kufika.

Kukatika huko huja kwa sura tatu. Ya kwanza ni kurudiarudia sauti au silabi, na kwa Kiswahili hutokea sana mwanzoni mwa neno: ni-ni-ni-ninaomba, wa-wa-watoto. Ya pili ni kuvuta sauti: sssssimba, mmmmama. Ya tatu, ambayo wengi hawaitambui kuwa ni kigugumizi, ni kuziba kabisa: mdomo umeshakaa tayari, pumzi imesimama, lakini hakuna sauti inayotoka. Mtoto wa sura hii ya tatu huonekana kama aliyeamua kunyamaza, na kwa hiyo huhukumiwa kuwa mkaidi, mwenye kiburi au mzito wa kuelewa. Juu ya hizo tatu huongezeka mambo ambayo mtoto hujifunza akijaribu kujikwamua, kama vile kufumba macho, kukaza shingo, kujipiga paja au kugonga mguu chini. Hayo ni jitihada zake, si kigugumizi chenyewe, na huzidi kadiri wasikilizaji wanavyoonyesha kuwa wamechoka kusubiri.

Anayetaka kuelewa kwa nini kulazimisha hakusaidii na akumbuke bomba siku maji yanaporudi baada ya mgao. Maji yapo, mabomba ni mazima, lakini koki ikifunguliwa hukohoa hewa, hunyamaza, hutema kidogo, kisha hutiririka. Kuigonga koki au kuikaza na kuifungua tena kwa hasira hakuharakishi chochote, na mwenye nyumba aliyezoea huweka ndoo chini na kungoja. Mtoto anayekwama anahitaji msikilizaji wa namna hiyo.

Si kila kusitasita ni kigugumizi. Watoto wengi wa kati ya miaka 2 na 5 hurudia maneno mazima wanapojifunza kuunga sentensi ndefu, "nataka, nataka, nataka ile", bila kukaza misuli na bila kusumbuka, na hilo ni sehemu ya kukua. Kigugumizi halisi nacho huanza katika umri huo huo, ndiyo maana ni rahisi kuvichanganya. Takriban watoto 5 katika kila 100 hupitia kipindi cha kigugumizi, na walio wengi kati yao, kama watatu katika kila wanne au zaidi, hutoka humo. Miongoni mwa watu wote kwa jumla, wenye kigugumizi ni kama mtu 1 katika kila 100. Mwanzoni pengo kati ya wavulana na wasichana si kubwa sana, lakini wasichana hupona kwa wingi zaidi, na ukubwani wanaume wenye kigugumizi huwa takriban wanne kwa kila mwanamke mmoja.

Kwa hiyo anayesema "kitaisha chenyewe" ana nusu ya ukweli, na ni nusu ya hatari, kwa kuwa hakuna anayeweza kumtazama mtoto wa miaka mitatu na kuapa yumo katika kundi lipi. Zipo dalili za kumfanya mzazi asikae akisubiri: kuwapo kwa ndugu wa damu aliyebaki na kigugumizi hadi ukubwani, kigugumizi kuanza baada ya umri wa miaka mitatu na nusu, kudumu kwa miezi mingi bila kupungua, na zaidi ya yote, mtoto mwenyewe kuanza kuhangaika, kukasirika au kuacha sentensi njiani.

Hesabu hiyo ya mtu 1 katika 100 ina maana nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Shule yenye wanafunzi 800 inatarajiwa kuwa na wanafunzi wapatao 8 wenye kigugumizi. Wametawanyika katika madarasa tofauti, wengi wamejifunza kukaa kimya, na ni rahisi sana kwa kila mmoja wao kuamini kwamba yuko peke yake.

Kinatoka wapi

Kigugumizi hurithiwa ndani ya ukoo. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakiongozwa na Dennis Drayna, walichapisha matokeo yaliyohusisha jeni tatu, yaani chembe za urithi, na kigugumizi, baada ya kuchunguza familia za Pakistani na watu wa nchi nyingine. Mwaka 2015 jeni ya nne iliongezwa, na hiyo ilipatikana kwa kuufuatilia ukoo mmoja mkubwa wa Kameruni wenye watu wengi wanaogugumia. Jeni hizo hazielezi kila kisa, lakini zinatosha kuonyesha kwamba tunazungumzia mwili, si tabia mbaya wala malezi mabaya. Picha za ubongo nazo zimeonyesha kwamba njia za neva zinazounganisha sehemu za kupanga usemi na sehemu za kuendesha midomo, ulimi na koo, hasa upande wa kushoto, zina tofauti ndogo kwa wenye kigugumizi, na tofauti hizo zimeonekana hata kwa watoto wadogo ambao hawajaishi na aibu kwa muda mrefu. Kutamka neno moja kunahitaji misuli mingi isogee kila mmoja kwa wakati wake, na palipo na hitilafu ndogo ya wakati, neno hukwama.

Wasiwasi huongeza kigugumizi, kama uchovu na haraka zinavyokiongeza, lakini haukileti. Wengi hugeuza jambo hili: wanamwona kijana akitetemeka kabla ya kusema na kuhitimisha kwamba anagugumia kwa sababu ana hofu, wakati kwa kiasi kikubwa ana hofu kwa sababu amegugumia mara elfu na anajua kinachofuata.

Imani ya uzi wa ulimi ina historia ndefu, na si ya Afrika pekee. Mwaka 1841 daktari mpasuaji maarufu wa Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach, aliwakata wagonjwa wa kigugumizi sehemu ya shina la ulimi akiamini anawaponya, enzi ambayo hapakuwa bado na dawa za usingizi. Walipata mateso, na kigugumizi hakikuondoka. Uzi uliobana unaweza kumsumbua mtoto anyonyapo, na hilo ni suala la daktari, lakini hauhusiani na kigugumizi. Kuigiza nako hakuambukizi, vinginevyo kila darasa lenye mtoto mmoja anayetaniwa lingekuwa na kigugumizi darasa zima kabla ya mwaka kwisha. Nadharia ya kwamba mtoto wa shoto akilazimishwa kutumia mkono wa kulia atagugumia ilitoka kwa wasomi wa Marekani wa miaka ya 1920 na 1930, na haikuthibitika. Lugha nyingi pia si chanzo. Familia nyingi hushauriwa kuacha lugha ya nyumbani na kubaki na Kiswahili au Kiingereza tu, na kwa maoni yangu ushauri huo unamwumiza mtoto mara mbili, kwa kuwa unamnyang'anya lugha ya bibi yake bila kumwondolea kigugumizi. Ni kweli kwamba kijana anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili na kuingia sekondari ya Kiingereza anaweza kukwama zaidi kwa muda, kwa sababu anazungumza lugha asiyoizoea huku anapimwa kila sentensi.

Jambo moja linahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndilo linalozalisha shutuma ya "anajifanya". Mtoto huyu huyu asiyeweza kutaja jina lake mbele ya wageni huimba kwaya Jumapili bila kukwama hata mara moja. Madrasa, wenzake wakisoma kwa pamoja, yumo katikati yao na sauti yake haisiti. Mwalimu anapoingia darasani na wanafunzi wote kusimama na kuamkia kwa sauti moja, hakuna atakayemtambua. Mzazi akiyaona hayo huuliza kwa haki kabisa: basi kwa nini akiwa peke yake hawezi? Jibu ni kwamba kuimba na kusema kwa pamoja huupa ubongo mwendo kutoka nje. Mapigo ya wimbo au sauti za wenzake humwambia lini silabi inayofuata ianze, na ile kazi ya kupanga wakati, ambayo ndiyo yenye hitilafu, hufanywa na kundi. Akibaki peke yake lazima ajipangie mwenyewe. Tofauti hiyo imejulikana kwa wataalamu kwa muda mrefu, nayo inathibitisha kwamba hajifanyi.

Aibu, ambayo si kigugumizi

Tumwangalie mtoto aliyetumwa kiberiti. Njiani analinong'ona neno hilo, nalo linatoka vizuri. Mbele ya dirisha la duka, watu wawili wakiwa nyuma yake, mwenye duka anamwuliza anataka nini, na ile "ki" ya kwanza inagoma. Anaonyesha kwa kidole kipande cha sabuni kilicho mbele, kwa kuwa sabuni inaonekana na kiberiti kiko ndani. Nyumbani anagombezwa kwamba hasikilizi anapotumwa, na anakubali kosa hilo la kutosikiliza, kwa sababu kwake ni afadhali kuliko kosa la kweli. Akikua kidogo atapitishwa kituo ndani ya daladala kwa kushindwa kusema "shusha", na kurudi kwa miguu. Atajifunza kubadilisha maneno, kusema "yule rafiki yangu" badala ya jina linaloanza na herufi inayomtesa, hadi watu wamwone mtu wa kawaida anayezunguka maneno tu. Jina lake mwenyewe ndilo asiloweza kulibadilisha, na ndilo analoulizwa mara nyingi zaidi.

Kwetu kuna mzigo wa ziada, nao ni maamkizi. Mtoto wa Kiswahili hapiti barazani bila kuamkia. Shikamoo ni lazima, isemwe kwa sauti, isemwe kwa wakati, na isemwe mbele ya watu ambao hawatasubiri sekunde tano kuisikia. Akikwama kwenye "sh", mzee hasikii jitihada, anasikia kimya, na kimya cha mtoto mbele ya mzee ni utovu wa adabu. Basi mtoto anayewaheshimu wazee kuliko wote huanza kupita njia ya nyuma ili asikutane nao. Mzazi anaweza kumaliza hili kwa mazungumzo ya dakika moja na babu, bibi na majirani wa karibu: mwanangu ana kigugumizi, akichelewa kuamkia msubirini, na akiinamisha kichwa kwanza mjue ameshaanza.

Historia ina tukio moja la kusikitisha linaloonyesha kwamba aibu hii ni kitu kinachosimama peke yake. Mwaka 1939, katika kituo cha yatima cha mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, mwanafunzi wa uzamili Mary Tudor, akiongozwa na profesa Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa, alifanya jaribio juu ya watoto 22. Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alishuku kwamba hali hiyo huzalishwa na watu wazima wanaoliona kosa na kulipa jina. Baadhi ya watoto hao, waliokuwa wakizungumza vizuri kabisa, waliambiwa mara kwa mara kwamba wana kigugumizi, kwamba wajizuie, kwamba wasifungue mdomo hadi wawe na hakika ya kusema sawasawa. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba walipata kigugumizi cha kweli. Walichopata ni woga wa kuzungumza: wakawa wanyamavu, wakajishtukia, wakakataa kusoma kwa sauti. Habari hizo zilifichuliwa na gazeti mwaka 2001, chuo kikaomba radhi, na mwaka 2007 jimbo la Iowa lilikubali kulipa dola 925,000 kwa waathirika sita au warithi wao.

Kutokana na tukio hilo tunajifunza kwamba aibu inaweza kupandwa kwa mtoto asiye na kigugumizi chochote, kwa maneno tu ya watu wazima anaowaamini. Kinyume chake ni kweli vilevile: kijana anaweza kuendelea kugugumia maisha yake yote bila kubeba aibu hiyo. Nadharia ya Johnson iliacha pia athari nyingine, kwa kuwa kwa miongo kadhaa wazazi waliambiwa wasilitaje neno kigugumizi mbele ya mtoto wasije wakamtia. Familia zikanyamaza. Lakini mtoto anajua anakwama, na anapoona nyumba nzima inazungumzia kila kitu isipokuwa hicho, hufahamu kwamba kina uchafu. Ni heri mama aseme waziwazi, "Neno hilo limekugomea, pole, nakusubiri," kama ambavyo angesema mtoto akijikwaa.

Nyumbani, kwa mtaalamu na darasani

Ushauri ambao karibu kila mtu huutoa kwa nia njema, yaani "vuta pumzi", "sema polepole", "tulia kwanza", hausaidii, kwa kuwa unamwambia mtoto kwamba namna anavyosema ni muhimu kuliko anachosema. Kumalizia neno lake ni vivyo hivyo. Kinachosaidia ni mzazi kupunguza kasi yake mwenyewe, kuacha nafasi fupi kabla ya kujibu, kuzuia watoto wengine wasimkate, na kujibu habari aliyoleta. Wataalamu wa kituo cha Michael Palin cha London, kilichofunguliwa mwaka 1993, huwaomba wazazi watenge dakika 5 tu za kucheza na mtoto mmoja, bila simu, mtoto akiongoza mchezo. Katika nyumba yenye watoto sita dakika hizo si jambo dogo, lakini zinawezekana.

Kwa walio chini ya miaka 6 upo pia mpango wa Lidcombe, uliopewa jina la kitongoji cha Sydney nchini Australia, ambamo mzazi, akielekezwa na mtaalamu, humsifu mtoto kwa kiasi pale maneno yanapotiririka, na mara chache humtajia kwa upole pale yanapokwama. Haufai kujaribiwa kwa kubahatisha, kwa sababu sifa zikizidi au masahihisho yakizidi hugeuka kuwa mtihani. Kwa vijana wakubwa tiba hulenga mambo mengine: kulegeza pale panapokaza, kuacha kukwepa maneno, na kuweza kumwambia mtu, "Nina kigugumizi, nivumilie kidogo." Hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa mahususi kwa kigugumizi, na anayeuza chupa au kozi ya kukimaliza kwa siku kadhaa anauza matumaini.

Wataalamu wenyewe, ambao huitwa wataalamu wa tiba ya usemi na lugha, ni wachache sana katika Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianzisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008, na kabla ya hapo aliyetaka kuisomea alilazimika kwenda mbali. Wengi wako miji mikubwa, katika hospitali za rufaa na kliniki binafsi, kwa hiyo kwa familia nyingi mtaalamu ni mtu wa kuonana naye mara chache. Miezi iliyobaki katikati humilikiwa na nyumba na shule.

Shuleni kuna desturi moja ningependa iangaliwe upya, nayo ni kusomesha kwa mstari, kila mwanafunzi sentensi yake. Mwenye kigugumizi huhesabu vichwa vilivyo mbele yake, huitafuta sentensi itakayomwangukia, hukagua herufi zake, na kuanzia hapo hasikii chochote cha somo. Zamu ikifika ameshachoka. Mwalimu anaweza kumwita mapema, au kuwasomesha wanafunzi wote wawili wawili kwa sauti moja, na kwa yale tuliyoona kuhusu kusema kwa pamoja, mtoto atasoma. La kwanza kabisa ni kumwuliza yeye mwenyewe, pembeni, angependa iweje. Wako watakaosema hawataki kuitwa, na wako watakaosema wanataka kuitwa kama wengine ila wasikatizwe. Mwalimu asiyeuliza atakosea kwa huruma kama ambavyo mwingine hukosea kwa ukali.

Wanapokutana

Kwa muda mrefu mtoto mwenye kigugumizi alikutana na mtu mmoja tu wa kumsaidia, naye ni mtaalamu asiyegugumia. Marekani, kundi la kujitegemea la wenye kigugumizi wenyewe, ambalo leo linajulikana kwa jina la National Stuttering Association, lilianza mwaka 1977, na la Uingereza, ambalo sasa hujiita STAMMA, likafuata mwaka 1978. Mashirika hayo yaliwasaidia zaidi watu wazima. Shirika la FRIENDS lilianzishwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya watoto na vijana pamoja na familia zao, na mwaka 2001 mwigizaji Taro Alexander, ambaye mwenyewe ana kigugumizi, alianzisha jijini New York shirika la SAY, ambamo watoto hutunga na kuigiza michezo yao jukwaani, kila mmoja akipewa muda wote anaouhitaji kumaliza maneno yake. Hadhira huketi na kusubiri. Kwa mtoto aliyezoea kukatizwa, kusubiriwa na ukumbi mzima ni jambo ambalo huenda hajawahi kulipata popote.

Faida ya kukutana huku haiishii katika kufarijiana. Kijana anapomsikia mwenzake akikwama, anagundua kwamba yeye hakumdharau, alikuwa akisubiri tu kusikia mwisho wa habari. Na huo ni ushahidi wa kwanza alioupata mwenyewe kwamba huenda wengine nao hawamdharau. Anamwona fundi, muuguzi au mwalimu mtu mzima anayegugumia na kuendesha maisha, na swali la "nitaoa nani, nitafanya kazi gani" linapungua ukali. Mwaka 2020 dunia ilipata kuona jambo hili. Joe Biden, akiwa katika kampeni za urais jimboni New Hampshire, alikutana na mvulana Brayden Harrington, akamwambia kwamba wao wawili ni wa klabu moja, na akamwonyesha jinsi anavyoziwekea hotuba zake alama za kupumzika ili zisomeke kwa urahisi. Mwezi Agosti mwaka huo, akiwa na miaka 13, mvulana huyo alizungumza katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic, akikwama na kuendelea, mbele ya mamilioni ya watazamaji. Mafunzo ya usemi pekee yasingempa ujasiri huo. Alikuwa ameambiwa na mtu anayemheshimu kwamba hayuko peke yake.

Wazazi hufaidika kwa namna yao. Mama anayejilaumu kwamba alimtisha mtoto, au anayeshutumiwa na mawifi kwamba ukoo wake ndio ulioleta tatizo, hukutana na wazazi wengine wenye shutuma zile zile na kuziona zilivyo. Zaidi ya hapo, anaweza kumwuliza mtu mzima mwenye kigugumizi swali ambalo mtoto wake wa miaka 8 hawezi kulijibu: ulipokuwa mdogo, ulitaka mama yako afanye nini? Ndugu nao wasisahauliwe. Dada mkubwa aliyezoea kumsemea mdogo wake kila mahali anadhani anamlinda, na anahitaji mtu wa kumweleza kwa upendo kwamba sasa amwachie.

Kuanzisha kikundi hakuhitaji fedha wala cheti, ingawa mtaalamu akipatikana hata mara moja kwa muhula, alikwe. Familia mbili au tatu zinatosha. Mwalimu mkuu anaweza kuwatambua wale wanane wa shule yake na kuzungumza na wazazi wao kwanza, faraghani, kwa sababu kumwita mtoto mbele ya gwaride na kumtangaza kuwa ni wa kundi la kigugumizi kungeharibu kazi kabla haijaanza. Chumba cha darasa siku ya Jumamosi kinafaa, na ukumbi wa msikiti au kanisa pia. Kundi la WhatsApp huunganisha walio mbali, nalo lina mtego wake: kijana anaweza kuandika mwezi mzima bila kutoa sauti, au kurekodi ujumbe wa sauti mara kumi na kuutuma ule usio na dosari. Wanakikundi wanaweza kukubaliana kwamba ujumbe wa sauti unatumwa ulivyotoka mara ya kwanza.

Katika mikutano yenyewe kanuni ni chache. Hakuna kummalizia mtu neno, hakuna kushauriana kuhusu pumzi, hakuna kushangilia kana kwamba kusema jina lako ni muujiza, na kila mtu, wazazi wakiwamo, hutaja jina lake zamu inapomfikia, hata ikichukua dakika nzima. Nusu ya muda wazazi wakae chumba kingine, ili vijana waseme mambo ambayo hawangeyasema mbele ya mama. Mtoto asiyetaka kusema siku hiyo asilazimishwe wala asibembelezwe. Akae, asikilize wenzake, na aletwe tena mwezi unaofuata.